Diski Iliyozibwa Mdomo

Siku diski ya kompyuta ya hospitali ilipokata roho fundi alirudi nyumbani mchana, na katika nyumba ile mtu kurudi mchana hakujawahi kuwa habari njema. Mkewe alikuwa barazani anamsuka mteja. Alimwona mumewe akiingia, akamtazama usoni mara moja tu, kisha akarudisha macho kwenye nywele, vidole vikaendelea na kazi yao kama havikuona kitu. Mteja ndiye aliyeuliza kama siku hizi hospitali nazo zinafungwa mapema. Fundi akajibu kwamba umeme ulikatika. Ulikatika kweli, asubuhi, kwa muda wa kumenya chungwa, ukarudi. Lakini kweli ya namna hiyo ni shuka fupi: ukijifunika kichwa, miguu inabaki nje.

Sebuleni dada wa mkewe alikuwa ameketi kwenye kochi refu, ambalo tangu augue ndilo lililokuwa kitanda chake, akipanga vitu kwenye mkoba. Jumatatu angeanza matibabu ya mionzi. Uvimbe ulikuwa kooni. Mwanamke huyu alifundisha darasa la kwanza mpaka alipostaafu, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani; majirani wa shule walikuwa wakitania kwamba wamejifunza kusoma upya bila ada. Sasa ukitaka kumsikia ilibidi usogee na kuinamisha sikio. Ndiye aliyemlea mke wa fundi mama yao alipofariki. Alimwogesha, akamsomesha, akamwoza, na siku ya harusi alimwambia fundi mbele ya watu kwamba amempa mtoto, si mdogo wake.

"Shemeji, kwenye chumba cha mionzi kuna baridi?" aliuliza kwa sauti yake ya mkwaruzo.

Fundi alisema ipo kidogo, kwa ajili ya mashine.

"Basi sweta nimeshaweka."

Alisema hivyo akiupigapiga mkoba kwa furaha, kama mtoto anayekwenda safari. Fundi alipita moja kwa moja chumbani, akakaa kitandani na viatu vyake. Mkewe alipomaliza na mteja alimfuata, akasimama mlangoni, akauliza kuna nini. Akamweleza kwamba seva, ile kompyuta kuu ya mionzi, imekufa, na mipango ya matibabu ya wagonjwa wanaosubiri imekwenda nayo. Walioanza, yao imeshaingia ndani ya mashine yenyewe. Wanaosubiri wataanza upya kila kitu: picha, vipimo, hesabu za madaktari, foleni.

"Dada ni wa Jumatatu," mkewe alisema, kana kwamba mumewe amesahau.

"Wa Jumatatu naye bado anasubiri."

"Imekufaje?"

Akamwambia ni umeme.

*

Haukuwa umeme, na fundi alikuwa mtu wa mwisho duniani kudanganyika kwa hilo.

Diski ni kitu chenye utii. Ikiambiwa isome mahali fulani, inasoma. Ikishindwa, kuna programu ndogo iitwayo draiva, inayosimama kati ya diski na mashine nyingine kama karani wa mapokezi, ambayo huiamuru ijaribu tena, na tena. Lakini karani huyo naye ana kikomo. Kwenye seva ile kikomo kilikuwa mara tano. Ya tano ikishindikana anapiga kelele: dirisha jekundu linafunguka kwenye skrini ya wahudumu, kazi inasimama, na lazima mtu aitwe. Dirisha hilo lilianza kujitokeza mara mojamoja, kisha kila wiki, kisha likawa haliondoki. Mgonjwa kalazwa mezani, kafungwa barakoa yake usoni, mara jekundu. Wahudumu walilichukia, na kwa kuwa dirisha halina masikio, chuki yao ilimwangukia fundi. Mmoja alimwita mbele ya wagonjwa "fundi wa kuzima na kuwasha". Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, maana ukichekwa na wengi heri ujiunge.

Dawa aliijua. Dawa ilikuwa diski mpya, na aliifuata ofisi ya ununuzi mpaka mlinzi wa pale mlangoni akaacha kumuuliza anakwenda kwa nani. Ofisi ile ilikuwa na sifa moja kubwa: haikununua. Ndipo mkuu wa kitengo, daktari wa kike mwenye mashine moja na foleni inayofika kwenye ngazi, alipomwita na kumwambia kwa upole wa mtu aliyechoka, "Fundi, fanya ufanyavyo. Hilo jekundu nisilione tena."

Fundi akafanya. Alifungua mipangilio ya draiva, akafuta tano, akaandika mia tatu. Chai yake haikupata hata nafasi ya kupoa. Tangu hapo diski ikishindwa kusoma haikusema kitu. Ilirudia kimyakimya, mara kumi, mara hamsini, mara mia, mpaka ikabahatika. Mashine ikaanza kujikokota, lakini kujikokota hakuna rangi. Dirisha jekundu likatoweka. Wahudumu wakamshangilia, yule wa kuzima na kuwasha akamletea soda, na mkuu akasema mbele ya watu kwamba kumbe fundi akitaka anaweza. Siku hiyo alipita ukumbini kifua mbele, na nyumbani alisimulia kisa chote kwa mbwembwe, bila kutaja kilichofanyika hasa. Shemeji yake alimpa mkono wa pongezi.

Aliporudi ofisi ya ununuzi kukumbushia diski, ofisa alimshangaa.

"Si umeshaitengeneza?"

"Sijaitengeneza, mzee. Nimeizuia kulalamika tu."

"Sasa kama hailalamiki, mimi ninunue cha nini?" ofisa akasema, na kwa kweli ni vigumu kumjibu mtu wa namna hiyo ukiwa wewe mwenyewe ndiye uliyempa maneno.

Fundi alijua kwamba diski inayolazimishwa hivyo inajichuna ngozi yenyewe, na kila jaribio linaongeza kidonda. Alikusudia iwe ya wiki moja tu. Wiki ikazaa wiki. Tena kulikuwa na jambo la pili. Kila usiku seva ilitakiwa kunakili kila kitu kwenye diski nyingine ya akiba, lakini kwa mwendo ule wa kobe asubuhi ilifika kazi haijaisha, ikakatizwa, na usiku uliofuata ikaanza tena mwanzoni, kwa wagonjwa wa zamani ambao wengi wao walishazikwa. Wapya walikuwa mwishoni, na mwishoni haikufika kamwe. Hilo aliligundua asubuhi moja. Akajisemea atalishughulikia Ijumaa. Ijumaa printa ya famasi ikagoma, mkuu akawa na wageni, na siku ikapita kama siku nyingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Diski ya watu haikuficha maradhi yake. Ilisema, ikasema tena, mpaka tabibu wake mwenyewe akaiziba mdomo.

*

Kesho yake mkuu wa kitengo alimwita na kufunga mlango. Aliuliza kama kuna chochote kinachoweza kuokolewa, fundi akatikisa kichwa. Akauliza siku ile alibadilisha nini. Fundi akamweleza kama ilivyokuwa, pamoja na habari ya akiba, na daktari akamsikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu.

"Wakikuuliza nani alikutuma, utanitaja."

Fundi akaitazama kalamu iliyokuwa mezani.

"Nisingekulaumu. Lakini ukinitaja mimi, kitengo kinafungwa mpaka kamati imalize kunywa chai. Unazijua kamati zetu."

Alizijua. Daktari akasogeza kalamu upande huu, akairudisha upande ule, akasema juzi umeme ulikatika. Fundi akamsahihisha kwamba ilikuwa jana. Jana, daktari akakubali, na akasema kwa hiyo tufunike kombe mwanaharamu apite. Fundi alikuwa ameshashika kitasa cha mlango alipoulizwa swali jingine, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Yule mwalimu, mwenye koo. Ni ndugu yako?"

"Shemeji yangu. Dada wa mama watoto."

"Tukiwasha tena, lazima tuanze na mtu."

Fundi hakusema ndiyo wala hakusema hapana. Alisema asante, na asante hiyo ilitosha.

Wakatoka pamoja mpaka kwenye benchi refu la ukumbini walipokuwa wameketi wagonjwa, wengine na mikoba yao kama ule wa sebuleni kwake. Daktari aliwaeleza kwamba kumetokea hitilafu ya umeme, hakuna mtu wa kulaumiwa, na wavumilie. Kisha akageuka. "Si ndivyo, fundi?" Macho yote yakahama kutoka kwa daktari yakaja kwake. Watu wale walikuwa tayari kumwamini kuliko walivyomwamini daktari, kwa sababu alivaa ovaroli.

"Ndivyo, daktari."

Kwenye kona ya benchi alikuwepo mzee waliyemwita Mzee Redio kwa kuwa habari zote za wodi alikuwa nazo kabla ya wauguzi. Taya lake lilikuwa limefungwa bandeji. Aliuliza jambo moja tu: sasa tuje lini? Daktari alikuwa ameshaondoka. Fundi akasema watapigiwa simu.

"Simu yangu haikai na chaji," mzee alisema. "Nitakuwa nakuja tu nakaa."

Na kweli, kila siku alikuja akakaa, na kila siku fundi alipopita pale alitafuta kitu cha kutazama upande wa pili.

*

Nyumbani habari ya kuwa wa kwanza ilipokelewa kama mvua. Mkewe alimpikia peke yake, akamwekea maji ya kuoga, akawapigia simu ndugu mmoja baada ya mwingine kuwaeleza kwamba dada angerudishwa mwisho wa foleni kama si mume wake kupigana kufa na kupona. Fundi alimsikia kutoka chumba cha pili. Alimsikia akisema mumewe aliwaambia mabosi usoni kwamba kazi wachukue lakini shemeji yake hatarudi nyuma. Hayo hakuyasema yeye. Mkewe aliyatunga kwa mapenzi. Kulikuwa na miaka mingi ya kumtetea kwa ndugu waliouliza kwa nini ameolewa na mtu wa nyaya, na sasa alikuwa analipwa yote kwa mpigo.

Dada mtu alimwita akae karibu yake kochini.

"Na wale wenzangu wa benchi?"

"Watafuata, shemeji."

"Mzee Redio alinitangulia."

"Orodha imepangwa upya."

Akamtazama kwa jicho lile ambalo watoto wa darasa la kwanza bila shaka walilijua vizuri. Halafu akashusha pumzi.

"Ningekuwa mzima ningekataa," alisema. "Sasa sina ubavu huo. Nataka kupona, shemeji. Usiniambie zaidi."

Fundi alifarijika sana kuambiwa hivyo, na aliona haya kwa kufarijika kwake.

*

Diski mpya, ile iliyokosekana muda wote, ilinunuliwa kabla ya saa sita mchana wa siku ya pili. Ofisa wa ununuzi aliileta mwenyewe mkononi kama mtu aliyekuja na zawadi ya harusi. Lakini diski tupu si kitu. Programu za mionzi zilikuwa za waliouza mashine, na mtu wao pekee ndiye aliyeruhusiwa kuzipanga, naye alikuwa nchi nyingine na safari zake. Wakamsubiri. Wiki zikapita. Dada mtu aliacha kula vitu vigumu, kisha akaacha uji mzito, kisha ikawa uji mwepesi unapita kwa shida na kumkohoza mpaka machozi. Kila asubuhi aliulizwa hali, na kila asubuhi alijibu kwamba hajambo.

Siku ya kuitwa ilipofika alivaa gauni lake la kufundishia. Likamning'inia. Mkewe fundi alitaka kulibana na pini mgongoni, dada akakataa, akasema hakuna anayemtazama mgongoni. Benchi lilikuwa limejaa. Jina la kwanza kuitwa lilikuwa lake, na benchi zima likajua hesabu, maana watu wanaosubiri hawana kazi nyingine isipokuwa kujua nani alimtangulia nani. Hakuna aliyelalamika. Mwanamke aliyekuwa karibu naye, ambaye walizoea kugawana maji ya chupa moja, aliinua mkoba wake kutoka sakafuni na kuuweka pale alipotoka kukaa mwalimu. Mzee Redio peke yake ndiye aliyenyanyua mkono.

"Nenda, mwalimu," alisema kupitia bandeji. "Nenda salama."

Fundi alisimama nyuma ya kioo. Wahudumu walimlaza mezani, wakaleta barakoa yake kutoka ukutani. Barakoa hizo hutengenezwa kwa plastiki laini inayofinyangwa juu ya uso wa mgonjwa, moja kwa kila mtu, ikauke na kumshika kichwa kisisogee mionzi inapopigwa. Ile ilifinyangwa miezi iliyopita. Walipomvika ilimpwaya. Uso wa zamani ulikuwa juu, mnene, umetulia, na ndani yake huu wa sasa ulikuwa unacheza huku na huku. Mhudumu aliyewahi kuleta soda aliishika kwa mikono miwili, akaibonyeza kidogo, akatazama kioo alikosimama fundi kana kwamba hilo nalo angeweza kulirekebisha. Ilibidi wafinyange nyingine, ndipo wakampiga picha upya.

Majibu ya picha aliyatoa mkuu mwenyewe, ofisini, kwa fundi na mkewe. Mgonjwa walimwacha kwenye kiti cha nje. Alieleza kwamba ugonjwa umeshuka mapafuni. Mionzi ya kooni haitasaidia tena, itamtesa bure. Kilichobaki ni dawa za maumivu, na hizo atahakikisha hazikosekani. Mke wa fundi aliuliza kama ingekuwa ile Jumatatu ya mwanzo ingekuwaje. Daktari akasema hakuna ajuaye, pengine ulikuwa umeshashuka, pengine haukuwa. Muda wote huo aliongea na mwanamke. Kwa fundi hakugeuka hata mara moja.

*

Walisimama kwenye kijia cha nyuma, karibu na mapipa ya taka za hospitali, kwa kuwa mkewe alitaka kulia mahali dada yake asipoweza kumwona. Alilia kwa muda, akajifuta kwa kiganja.

"Ule umeme," alisema. "Ule umeme umetuulia dada."

Fundi alikuwa ameapa moyoni kutosema kitu. Lakini kusikia umeme ukilaumiwa kwa uchungu ule, kitu ambacho hakina kosa, kulimshinda.

"Si umeme," alisema. "Ni mimi."

Akamweleza yote: dirisha jekundu, tano na mia tatu, ile soda, akiba isiyofika mwisho, mlango uliofungwa wa daktari, na bei ya ile nafasi ya kwanza. Hakujitetea, ingawa aliongeza mara mbili kwamba hakuna ajuaye kama ingesaidia. Mkewe alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa ameacha kulia kabisa, na fundi akaona ni heri angeendelea.

"Ulijua inaumwa?"

"Nilijua."

"Ukaona uifunge mdomo ili wakupende."

Alitaka kusema kwamba aliagizwa. Akasema ndiyo.

Mkewe akatazama mapipa. Kisha akauliza nani mwingine anajua. Ni daktari tu, fundi alisema, na akaongeza kwamba leo hii, wakifika nyumbani, atapiga magoti mbele ya shemeji yake na kumwambia ukweli, ni haki yake kuujua.

"Haki yake?" Mkewe alimgeukia, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Wewe unataka kupumua, baba watoto. Ukimwambia, wewe utalala na yeye atakesha. Dada yangu amebakiwa na nini? Koo hana, kifua hana. Amebakiwa na kwamba katika nyumba hii kuna mtu alimpigania. Hicho nacho unataka umnyang'anye ili upate usingizi?"

"Nitaishi nacho vipi?"

"Sijui. Mimi nitaishi nacho vipi, umeniuliza?"

Akajipangusa uso tena, akakung'uta gauni, akatoka kumfuata dada yake kwenye kiti. Fundi alimsikia akisema kwa sauti ya uchangamfu kwamba daktari amebadilisha dawa na sasa maumivu yatapungua sana.

*

Jumatatu iliyofuata fundi alikwenda kwenye kila mashine ya hospitali iliyokuwa mikononi mwake: maabara, famasi, chumba cha picha, mapokezi. Alikuwa amezipandishia kikomo karibu zote, moja baada ya nyingine, baada ya kuonja sifa. Sasa akazirudisha kwenye tano. Hakumweleza mtu, na hakuna aliyeuliza, mpaka madirisha mekundu yalipoanza kufunguka huku na kule. Maabara wakamwita, famasi wakamwita. Muuguzi wa mapokezi alimwambia mbele ya foleni nzima kwamba tangu aguse kompyuta yao imekuwa na kelele, zamani ilikuwa haisemi kitu, na kama kazi imemshinda aseme aletwe mwingine.

"Diski inaumwa," fundi alisema. "Inataka kubadilishwa."

"Inaumwa!" muuguzi aliwaambia watu wa foleni. "Mmesikia? Mumpe na hiyo diski kadi ya mgonjwa."

Wakacheka. Safari hii hakujiunga nao. Alipanda ngazi kwenda ofisi ya ununuzi, akakuta ofisa amekwenda mazishini, akakaa kumngoja.

*

Wageni walikuwa wengi wiki za mwisho. Wengine walikuwa wanafunzi wa zamani, watu wazima wenye ndevu na watoto wao, waliokaa wima kwenye viti vya sebuleni kama wanaogopa kuulizwa hesabu. Dada mtu hakuweza tena kutoa sauti. Ulibaki mnong'ono tu, na wa kuusikia alikuwa mdogo wake. Kwa hiyo mke wa fundi alikaa ukingoni mwa kochi siku nzima, na mteja aliyetaka kusukwa alirudi kwao. Dada aliponyanyua kidole, mdogo mtu aliinama, akasikiliza, kisha akainuka na kuwaambia wageni alichosema. Alifanya hivyo kwa uaminifu. Hata utani wa dada yake aliusema ulivyo, na watu wakacheka kwa adabu.

Tangu siku ya mapipa, yeye na mumewe waliongea yale ya lazima tu: maji yamechemka, dawa iko wapi, mtoto anataka daftari. Walilala kitanda kimoja wakipeana migongo.

Jumapili moja sebule ilikuwa imejaa mpaka watu wamesimama mlangoni, na fundi alikuwa anapita na glasi za maji kwenye sinia. Dada mtu alinyanyua kidole. Mdogo wake akainama. Safari hii alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko kawaida, na alipoinuka hakuwatazama wageni, alimtazama mumewe.

"Dada anataka mumjue huyu," alisema. "Anasema huyu ni shemeji yake."

Watu wakageuka. Fundi alisimama na sinia mkononi.

"Anasema watu wote wa benchi walirudishwa nyuma, yeye akawa wa kwanza, kwa sababu ya huyu. Anasema kupona ni kwa Mungu, lakini kupiganiwa ni kwa watu, na yeye alipiganiwa." Aliinama tena, akasikiliza, akainuka. Sauti yake ilikuwa imara, hakuruka hata neno moja. "Anasema alipomwoza mdogo wake aliogopa, maana hakumjua vizuri mtu anayempa. Anasema sasa hana wasiwasi tena. Anamwacha mtoto wake pazuri."

Kina mama wawili walianza kufuta machozi. Mzee mmoja akamshika fundi bega. Kila mtu alikuwa anamsubiri aseme kitu, na kochini macho yale yaliyozama yalikuwa yanamsubiri pia, yamejaa furaha.

"Asante, shemeji," fundi alisema.

Kidole kikanyanyuka. Mkewe akainama, akasikiliza, akainuka.

"Anasema hajakusikia," alimwambia mumewe. "Sema kwa sauti."